Mama Nesi Anajibu: Saa 12 za mashine, saa 156 za nyumbani

Bahasha za mwezi huu karibu zote zinauliza figo. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu aliyeiandika ana maswali yaleyale ninayoulizwa kila siku mlangoni mwa kitengo chetu cha kusafisha damu, ambako sasa natimiza mwaka wa 14.

Shikamoo Mama Nesi. Mama yangu ana miaka 61 na amekaa na kisukari muda mrefu. Mwaka huu figo zilifeli, sasa anasafishwa damu kwa mpira wa shingoni. Tumepangiwa mara tatu kwa wiki, lakini nauli ya kushuka mjini ikitubana tunakwenda mara mbili. Kwanza, sukari yake imeanza kushuka yenyewe. Juzi alfajiri ilikuwa 3.1, akatota jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Shangazi anasema kisukari kimepona, tumshukuru Mungu. Pili, daktari anataka kumtengenezea fistula, mama amekataa katakata. Anasema amezaa watoto sita bila kuvuja mkojo, iweje aharibiwe uzeeni? Tatu, tumeambiwa asile nyama, asile chumvi, asile matunda, asinywe maji. Amekonda, anashinda analia kiu, na jirani akimwonea huruma anamletea madafu. Mimi ndiye ninayemuuguza, ndugu wote wako mbali. — Kitinda mimba, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hebu tuhesabu kidogo. Wiki ina saa 168. Mashine ikimshika mama saa nne mara tatu, hizo ni saa 12. Saa 156 zilizobaki yuko mikononi mwako. Kwa hiyo wewe ni muuguzi wake kuliko mimi na wenzangu wote, na una haki ya kuelezwa sababu ya kila unachokatazwa.

Naanza na sukari maana hiyo haingoji. Kisukari hakijapona. Insulini ikishafanya kazi mwilini lazima ivunjwe iondoke, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoifanya kazi hiyo. Figo zikichoka, dozi ileile aliyochoma mwaka jana inabaki mwilini kwa muda mrefu na inaendelea kushusha sukari, hasa usiku. Hiyo 3.1 ni dozi iliyomzidi. Usiiache insulini kwa uamuzi wako, lakini usingoje kliniki ya mwezi ujao pia. Siku ya kwanza mtakayokwenda kwenye mashine, beba daftari la vipimo na dawa zote mlizonazo, umwambie daktari kilichotokea alfajiri ile. Kama bado kuna vidonge vya kisukari vya metformini ndani ya nyumba, mwonyeshe. Mgonjwa aliyefika hatua ya kusafishwa damu haendelei navyo.

Ikishuka tena chini ya 4 na bado anaweza kumeza, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, robo kikombe tu, anywe, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Zamani ungempa juisi ya machungwa. Sasa usimpe, kwa sababu ya potasiamu, madini nitakayoyaeleza mbele. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri.

Nije kwenye fistula. Niliposoma maneno ya mama yako nilisimamisha kazi nikaenda kuwasomea wenzangu, kwa sababu mwaka huu peke yake nimekutana na kina mama kadhaa waliokataa kwa sababu hiyohiyo na sisi tukawaandika kwenye faili "mgonjwa amekataa" bila kuwauliza walielewa nini. Kosa ni letu. Nchi hii imetangaziwa fistula ya uzazi kwa miaka mingi, kwa mabango na redio: tundu linalobaki baina ya kibofu na uke baada ya uchungu wa kujifungua uliokwama. Mwanamke wa miaka 61 akisikia daktari anataka "kumtengenezea fistula", atafikiria nini kingine?

Mwambie hivi. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake bomba. Fistula anayotengenezewa ni ya mkononi, haihusiani na uzazi wala mkojo. Daktari wa upasuaji anaunganisha mshipa unaotoa damu kwenye moyo na mshipa unaoirudisha, mara nyingi karibu na kifundo cha mkono au kwenye kiwiko. Damu yenye nguvu ikiingia kwenye mshipa laini, mshipa unapanuka na ukuta wake unakomaa mpaka unaweza kuchomwa sindano za mashine wiki baada ya wiki kwa miaka. Kukomaa huchukua kama wiki sita hadi miezi mitatu, ndiyo maana daktari anamwahisha. Mpira wa shingoni ni wa kuvukia tu. Ncha yake inafika karibu kabisa na moyo, na mdudu akipita hapo ameshaingia kwenye damu.

Akishafanyiwa, kazi yako ya kila asubuhi ni kuweka vidole juu ya kovu. Utasikia mtetemo, kama simu inayotetemeka mfukoni. Siku usipousikia, msiseme tutangoja hadi kesho, nendeni siku hiyohiyo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi ndoo, haulaliwi, na bangili za kubana zihamie upande wa pili. Muuguzi mgeni akimfungia mkanda wa presha mkono huo, mama amwambie "huu hapana" bila woga. Mimi mwenyewe nimewahi kuzuiwa hivyo na mgonjwa wakati nina haraka, nikamshukuru.

Kwa sasa, mpira wa shingoni ukae mkavu wakati wote. Aoge kwa kitambaa kuanzia kifuani kwenda chini, nywele zioshwe kwa kuinama mbele na mtu amshikie taulo kavu shingoni. Mvalishe nguo yenye vifungo mbele, zile za kuvulia kichwani zinavuta mpira. Asikubali mtu yeyote nje ya kitengo cha kusafisha damu autumie kuwekea dripu au kutolea damu, hata akiwa amevaa koti jeupe. Homa yenye kutetemeka, hasa akiwa kwenye mashine au usiku wake, ichukulieni kuwa ni maambukizi ya damu mpaka vipimo viseme vingine. Panadol isiwe sababu ya kulala nyumbani. Na ikitokea mpira umechomoka, bonyeza palipotoka kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia, huku mnaelekea hospitali.

Sasa kiu. "Asinywe maji" si maelekezo ya uuguzi, ni mateso. Mpe kipimo. Pima mkojo wake wote wa saa 24 kwenye jagi. Kiasi kilichopatikana, ongeza nusu lita, hicho ndicho kiwango chake cha kuanzia mpaka daktari aseme vingine. Akikojoa mililita 300, ana mililita 800 kwa siku. Uji, chai, supu na barafu vyote vimo humo.

Na pima vyombo vyenu kweli. Nilikuwa na mzee mmoja niliyemwambia anywe vikombe vinne kwa siku. Kila Jumatatu alikuja na kilo tano za maji mwilini, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Nilimgombeza wiki tatu. Wiki ya nne mkewe alikuja na kikombe chenyewe: kopo la bati linaloingia zaidi ya nusu lita. Mzee alikuwa ananitii kabisa. Tangu hapo sisemi "kikombe". Asubuhi jazeni chupa za maji za dukani kwa kiwango cha siku, na kila anachokunywa mkimimine kutoka humo. Zikiisha, siku imeisha.

Kiu yenyewe inaletwa na chumvi kuliko jua. Sijui mnapika nini, lakini najua jikoni za kwetu pwani: ng'onda, papa mkavu, vidonge vya mchuzi, na magadi kwenye maharage na kisamvu. Magadi nayo yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, watu wengi hawayahesabu. Viondoeni vyote hivyo, wekeni kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, ndimu kidogo. Baada ya siku kadhaa utaona anaomba maji kidogo zaidi. Ile "chumvi maalumu" isiyo na sodiamu inayouzwa madukani msiiguse, imetengenezwa kwa potasiamu.

Mpimeni uzito kila asubuhi, mizani ileile, akitoka kukojoa na kabla ya chai, mwandike. Kilo moja iliyoongezeka usiku mmoja haiwezi kuwa mnofu, ni lita ya maji. Muulize muuguzi wake wa mashine "uzito mkavu wa mama ni kilo ngapi?" Ni uzito anaotakiwa kuwa nao akishatolewa maji yote ya ziada. Usipoujua huo, daftari lako halisemi kitu.

Chakula. Hapa naomba shangazi na jirani nao wasomewe. Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu hupunguziwa nyama. Akishaanza, mambo yanageuka, kwa sababu kila kipindi cha mashine kinachukua na sehemu ya protini. Mama yako anatakiwa ale: yai, samaki mbichi, kuku, kipande cha ukubwa wa kiganja chake kwenye milo yake mikubwa. Kukonda kwake kunanitia wasiwasi kuliko kiu. Wali mweupe, mkate, chapati na ugali wa sembe vinamfaa. Dona ina potasiamu na fosfeti zaidi, madini ambayo figo zilizofeli hazimudu kuyatoa.

Dafu ndilo la kusimamisha leo. Dafu moja kubwa lina potasiamu kuliko ndizi mbivu, na figo za mama haziwezi kuitoa. Potasiamu ikizidi miguu hulegea, au hakuna dalili kabisa, na moyo husimama bila kupiga hodi. Ndizi, machungwa, parachichi, nyanya nyingi na mboga za majani zisizochemshwa ziko kundi hilo. Mihogo, viazi na ndizi mbichi anaweza kula mara mojamoja kwa namna hii: menya, katakata vipande vidogo, loweka, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji hayo yote, kisha pika upya kwa maji mengine. Ladha inapungua kidogo, ni kweli. Mchicha nao uchemshwe na maji yamwagwe. Tunda lake liwe kipande cha nanasi au tikiti (tikiti lina maji, lihesabiwe), na tofaa mkipata. Jirani mwambie kwa upole alete mayai.

Mwisho, nauli. Sitakuhukumu, najua gari la kukodi kwa mgonjwa asiyeweza kusimama linavyogharimu. Lakini kati ya kipindi na kipindi, ule mwachano mrefu ndio tunaouogopa. Hata kwa wanaokuja mara tatu, siku mbili mfululizo za mwisho wa wiki ndizo zenye hatari kubwa. Ukiruka kipindi unaongeza mwachano mwingine kama huo. Waambie ndugu walio mbali kwamba wanachodaiwa si pole za simu, ni nauli ya siku ya tatu, na wagawane kwa majina. Nenda pia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, msiishie dirishani. Ikitokea kipindi kimekosekana, siku hizo maji yapungue, matunda yasimame, na usiku akishindwa kupumua akilala chali, msingoje kukuche.

Mama Nesi, mimi ni dereva wa lori, miaka 44. Mgongo unaniuma sana, kila usiku nameza diklofenaki, huu mwaka wa pili. Presha yangu ilipimwa 160 kwa 100 nikapewa dawa, nilipopata nafuu nikaacha. Siku hizi mkojo una povu kama sabuni. Mgongo huu ni figo? — Baba wa watatu, Mbagala

Mgongo wako huenda ni kiti cha lori. Figo zinazokufa polepole haziumi, ndiyo maana tunawapokea watu wamechelewa. Ninachokiogopa kwenye barua yako ni vitu vingine vitatu: povu, presha uliyoiacha, na dawa unayomeza kutibu mgongo.

Diklofenaki, pamoja na ibuprofeni na ndugu zake, hupunguza damu inayoingia kwenye chujio la figo. Siku mbili tatu kwa mtu mzima wa afya hazina neno. Miaka miwili mfululizo, juu ya presha ya 160, ni jambo jingine. Acha leo. Tumia parasetamoli kwa kipimo chake, na mgongo uonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Wiki hii hii ukapime mkojo kuangalia protini, na damu kuangalia kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu. Omba vyote viwili. Kreatinini inaweza kusomeka sawa wakati karibu nusu ya kazi ya figo imeshapotea, na mkojo ndio unaotangulia kusema. Ukiambiwa kiwango cha uchujaji wa figo zako, kumbuka namba hizi: 90 na zaidi ni vizuri ikiwa mkojo hauna protini, chini ya 60 kwa miezi mitatu ni ugonjwa sugu wa figo, chini ya 15 ndiko aliko mama wa Muheza. Katikati hapo ndipo tunapoweza kukuokoa. Kuna dawa za presha, kama enalapril na losartan, ambazo pia hupunguza protini inayovuja kwenye mkojo. Ukianzishiwa, rudi upimwe damu baada ya wiki moja au mbili kuangalia potasiamu na kreatinini. Na presha ikishuka, imeshuka kwa sababu unameza. Chupa za "kusafisha figo" zinazouzwa stendi ziache kwa muuzaji.

Dada yangu anahitaji figo na familia imenitazama mimi. Nina miaka 33, sijaoa. Je, nitaweza kuzaa na kufanya kazi? Na ni lazima twende India? — Kaka mtu, Dodoma

Si lazima. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na hapohapo kwenu Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifuata mwaka 2018. Muulizeni daktari wake awaelekeze.

Figo moja yenye afya inatosha. Inayobaki hukua kidogo na kubeba kazi zaidi. Nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa havikai kwenye figo. Utapimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, presha, sukari, mkojo, mishipa ya figo zenyewe, na kitu chochote kisicho sawa kitakuondoa. Kama dada ni kundi O, kwa kawaida atahitaji figo ya mtu wa kundi O. Ukitoa, utapimwa presha na mkojo kila mwaka maisha yako yote. Dada atameza dawa za kuzuia mwili kuikataa figo hiyo, kila siku, bila kuruka hata kwenye msiba au safari. Na usishangae akirudi na figo tatu: mara nyingi zile za zamani huachwa mahali pake, mpya inawekwa chini ya tumbo karibu na nyonga.

Umeandika kwamba familia imekutazama. Hujaandika kwamba unataka. Kama ndani ya moyo wako hutaki, omba kuonana na daktari peke yako, umwambie. Familia itaambiwa tu kwamba hukufaa, na haitaelezwa zaidi. Nimeona vijana wakifika hadi siku ya kulazwa wakiwa hawalali usiku kwa kuogopa kumkatalia mama yao. Nimeona pia ndugu waliotaka kwa moyo wote, na sura zao asubuhi ile ya upasuaji ni tofauti kabisa.

Asalaam alaykum Mama Nesi. Baba figo zake zimedhoofu, bado hajaanza mashine. Kaambiwa juisi ya birimbi inashusha sukari, anataka kuinywa glasi nzima kila asubuhi. — Binti, Unguja

Waalaykum salaam. Asinywe hata moja. Birimbi limejaa asidi ya oksaliki, ambayo hujikusanya kama fuwele ndani ya figo. Wapo watu waliokuwa na figo nzima wakaziharibu kwa juisi hiyo. Tunda ndugu yake, lile lenye pembe tano, ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, ni baya zaidi kwa mwenye figo dhaifu: linaanza na kwikwi isiyokatika, kisha kuchanganyikiwa na degedege, na linaweza kuua. Kama ameshakunywa na ana kwikwi, mpeleke hospitali sasa na useme alichokunywa.

Achari ya birimbi nayo aiache, kwa oksaliki na kwa chumvi. Najua mchuzi wa samaki bila ukali ni shida kwa mtu wa Unguja. Mtilie kijiko kimoja cha maji ya ndimu wakati wa kuepua.